Behewa Namba 1022117

Sop Sop, 9 Machi 2024

Kaka yangu Samuel,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za ng'ombe pia, maana yule mweupe amezaa jike na nimempa jina ambalo sitakuambia mpaka uje umwone. Huku tuko salama. Mvua imechelewa, tumepanda njugu kwa imani tu. Goti langu la kushoto bado linanisumbua. Kutoka nyumbani hadi barabarani napumzika njiani kama mzee, na kumbe ndiyo nishakuwa mzee. Carol, kitinda mimba wangu, bado yuko Malaba kwa yule wakala wa forodha. Anakuja wikendi, anakula, analala, anarudi kwenye malori yake.

Wewe je? Nimekupigia simu tangu mwezi jana. Inaita, halafu Peninah anapokea na kusema umelala. Mkeo namheshimu sana, lakini tangu lini mwalimu wa hesabu akalala saa nne asubuhi? Ndiyo maana nimeona nikuandikie kama zamani ulipokuwa chuoni. Erastus, yule Mkenya anayekuja kununua njugu siku ya soko, ataibeba barua hii mpaka mlangoni kwako.

Sasa neno lenyewe. Wazee wa ukoo wamekaa na kukubaliana kwamba kaburi la baba lisakafiwe Desemba, watu wakiwa nyumbani. Wewe ndiye kifungua mimba, kwa hiyo karai la kwanza la zege ni lako. Fundi Opolot amekwisha kuja kupima. Nilimpa karatasi yenye jina la baba, miaka yake, na ile namba aliyotuomba tumwandikie: 1022117. Opolot akaikodolea macho.

"Mama, hii namba ni ya simu?"

"Hapana."

"Maana mutu amekufa, sasa nani atamupigia?"

Nilicheka mpaka goti likasahau kuuma. Nikamweleza kwamba marehemu alikuwa karani wa mabehewa pale stesheni ya Tororo, kazi yake kuandika namba ya kila behewa linalopita, na kwamba hii ni namba ya behewa moja ambayo haigawanyiki kwa kitu chochote isipokuwa moja na yenyewe. Vitabu vya shule vinaziita namba tasa, baba aliziita ngumu. Opolot akasema sawa, yeye ataandika hata za bahati nasibu mradi saruji iwe mbichi.

Lakini Carol alikuwa amesimama hapo, akaniuliza, "Mama, mlijaribu zote?" Unakumbuka tulivyofanya. Tulipita kwenye zile namba ngumu za karatasi ya baba, moja baada ya nyingine, wewe upande wako na mimi upande wangu, mpaka 997. Karatasi ikaisha. Baba akapiga meza akasema, "Imegoma!" Sasa Carol anasema unatakiwa ujaribu mpaka ufike kwenye namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita ile unayoitafuta. Elfu mara elfu ni milioni moja tu, na ya baba imepita milioni. Kwa hiyo kuna kipande kidogo hatukukigusa. Carol alishatoa simu aiulize. Nikamwambia airudishe mfukoni, kwa sababu baba angesema huko si kuvunja namba, ni kuuliza jirani.

Saruji ikikauka imekauka, kaka. Sitaki baba alale chini ya kosa. Kwako hii ni kazi ya jioni moja, kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Imalizie, kisha uniambie utafika lini Desemba.

Ni mimi mdogo wako,
Awor


Busia, 4 Mei 2024

Mdogo wangu Awor,

Barua yako imefika, na njugu pia. Peninah alizikaanga zikaisha kabla sijanyoosha mkono. Yeye ndiye anayeandika hapa. Miwani yangu imevunjika kioo na fundi wa miwani hana haraka. Huku hatujambo. Mvua imenyesha mpaka njia ya sokoni imekuwa tope tupu, na Peninah anauza mitumba akiwa amevaa gambuti. Malori yamepanga foleni kama kawaida yao. Mpe pole Carol, na ng'ombe mweupe mpe hongera.

Kuhusu simu, usijali. Siku hizi napumzika sana mchana. Mtu akistaafu anapumzika, hiyo ndiyo maana ya kustaafu.

Kuhusu ile namba, nimeiangalia. Nimeigawa kwa tatu, imeingia bila baki. Inatoka 340,706 kamili. Kwa hiyo mzee alikosea, na sisi tulikosea pamoja naye. Mwambie fundi aandike jina na miaka, namba aiache.

Desemba sitaweza kuja. Nina kazi nyingi. Karai la kwanza mpeni Obbo, mtoto wa baba mdogo, naye ni wa ukoo.

Peninah ananiomba niongeze kwamba yeye anaandika tu anachoambiwa.

Kaka yako,
Samuel


Sop Sop, 22 Juni 2024

Kaka yangu,

Nashukuru kwa barua. Nimeisoma peke yangu nyuma ya jiko, kisha nikaisoma tena. Mwambie Peninah mwandiko wake ni mzuri kuliko wako na wangu tukiunganisha. Njugu zimeota vizuri baada ya yote, na ndama anaendelea. Nimemtuma Erastus akuletee kilo chache za wimbi, ulezi wa uji. Kunywa asubuhi na jioni, usinywe mara moja kisha uache.

Ya namba nimeyapata. Tuyaweke kando kwanza.

Jana usiku wa mvua nilikuwa nachambua kuku na firigisi ikaniteleza mkononi, nikajikuta niko Tororo, kwenye zile nyumba za reli, chumba kimoja na pazia katikati. Baba anaingia na harufu ya makaa na mafuta ya reli. Hasemi hamjambo. Anataja namba ya behewa la siku hiyo, kisha anavua kiatu cha kwanza. Kabla hajavua cha pili wewe umeshaanza: "Mbili haiingii! Tano haiingii!" Mimi najumlisha tarakimu kwa vidole chini ya meza, maana ukijumlisha tarakimu unajua mara moja kama tatu inaingia. Hiyo ndiyo ilikuwa silaha yangu, nilikuwa mdogo, sikuwa na nyingine. Na anayepata inayoingia, akaivunja namba wa kwanza, anakula firigisi.

Mama alivyokuwa akilalamika! Kwao, kwa Wasamia, hakuna msichana aliyekula kuku, sembuse firigisi. "Mzee Ochwo, mtoto wa kike utamwozesha nani?" Na baba, mdomo umejaa ugali, anamwita kwa jina lake: "Taaka, namba haijui nani msichana." Wale walikuwa watu wawili, kila mmoja haelewi lugha ya mwenzake, Kiswahili cha stesheni ndicho kilichowaunganisha, na hesabu ndiyo iliyokuwa lugha yetu ya ndani. Nimekaa hapa na hiyo firigisi mkononi nikalia, sikuambii uongo. Ningetoa ng'ombe na ndama wake nirudi pale jioni moja tu, nikusikie ukipiga kelele.

Nilimuuliza Erastus alikuonaje. Akasema, "Mimi nilimwona tu amekaa nje kwa kiti, mama. Hayo mengine uliza mwenyewe." Basi nauliza mwenyewe. U mzima?

Ningepanda gari nije, lakini goti haliniruhusu, na Peninah aliponijibu simu alisema nisubiri kidogo, hakusema nisubiri nini. Obbo hatamwaga karai la kwanza. Nimewaambia wazee wewe utakuja.

Wako,
Awor


Busia, 17 Agosti 2024

Awor,

Hatujambo. Uji nakunywa. Miwani bado, Peninah anaandika.

Nimekuambia sitakuja na wewe umeenda kuwaambia wazee nitakuja. Tangu utoto wewe ukishaamua jambo mwenzako hana lake. Niache. Mtu anaweza kukaa nje kwenye kiti mbele ya nyumba yake bila dada yake kutuma wapelelezi wa njugu.

Namba ya mzee nimeijaribu tena, na sijui kwa nini nakuambia. Nilianza na saba. Ninapofika katikati, ile tarakimu niliyoishika akilini inaniponyoka. Naanza tena, inaponyoka tena. Hesabu ndefu siku hizi zinanichosha. Ni uzee, kila mtu anazeeka.

Asubuhi, kabla malori hayajawashwa, huwa nasikia treni ya mizigo, na ninajua hakuna treni saa hiyo. Nasikia mabehewa yakigongana yakiunganishwa, na mzee akiyasoma kwa sauti. Kila namba naisikia wazi, lakini nikitaka kuivunja naikuta imekwisha kupita.

Msalimie Carol. Usiniulize tena habari za Desemba.

Samuel


Sop Sop, 28 Septemba 2024

Kaka yangu mpendwa,

Sikuulizi. Umeona? Nimefika mstari wa pili na sijauliza.

Hapa tumevuna njugu, magunia yamejaa sebuleni mpaka wageni wanakaa juu yake. Ndama ameachishwa kunyonya na analia kama mtu aliyeibiwa. Carol amepandishwa cheo kidogo kazini, sasa ana kiti chake na hakuna mwingine wa kukikalia. Opolot amekuja tena kuuliza habari za mchanga, nikamwambia atulie, Desemba haijakimbia.

Nataka kukukumbusha kitu chako mwenyewe. Ulipotoka chuoni likizo ya kwanza ulikuwa na majivuno hayabebeki. Ulinikuta nafagia uwanja, ukaninyang'anya ufagio, ukachora kwa mpini wake kwenye vumbi. Ukasema, "Awor, sisi na mzee tunapigana na namba kutoka chini, tunaanza na mbili, tatu, tano, tunapanda mpaka tunachoka. Kuna njia ya kuanzia juu." Ukanionyesha: tafuta namba ndogo kabisa ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita ile unayotaka kuivunja. Kisha toa, uone imezidi kwa ngapi. Kama kilichozidi nacho ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe, kama nne, au tisa, au kumi na sita, basi umeshinda. Nilikukasirikia kwa sababu ya uwanja, lakini nilikusikiliza, na mpaka leo sijasahau.

Huko hakuna kugawa, kaka. Hakuna tarakimu ya kushika akilini ikuponyoke. Ni kuzidisha na kutoa, na unaweza kuandika kila kitu, polepole, kwa siku nyingi kadiri unavyotaka. Mimi goti linaniuma na hesabu ni zako. Jaribu njia ya juu. Usiponiandikia nitajua umeshindwa, na ukishindwa firigisi ni yangu.

Awor


Busia, 16 Novemba 2024

Mdogo wangu Awor,

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Nimeandika kwa mkono wa kushoto, na barua hii imenichukua wiki nzima. Peninah yuko sokoni, hajui ninachokuandikia, ingawa yeye ndiye aliyenishikia karatasi isiteleze kabla hajaondoka. Nyumbani kwako wote hawajambo? Hapa sisi wazima, isipokuwa mimi.

Miwani yangu haikuvunjika. Februari nilipatwa na kiharusi. Nilikuwa nakunywa chai, kikombe kikaanguka, nikataka kumwita Peninah na jina lake halikutoka. Upande wa kulia ulilala. Mguu umerudi kiasi, mkono bado. Maneno yamerudi, lakini nikichoka yanakwama, ndiyo maana sikutaka uyasikie kwenye simu. Peninah alitaka kukuambia tangu siku ya kwanza. Mimi ndiye niliyemkataza, kwa hiyo ukitaka kugomba, gomba na mimi.

Hesabu ndiyo iliyoniumiza kuliko mkono. Nimefundisha watoto wa watu kugawa maisha yangu yote, Awor, na nikawa siwezi kugawa chenji ya sukari.

Sasa sikiliza. Nilipopata barua yako ya Septemba niliitupa chini. Kesho yake nikaiokota. Nikaandika elfu mara elfu: milioni moja, haifiki. Elfu moja na kumi mara yenyewe: 1,020,100, bado haifiki. Elfu moja kumi na moja mara yenyewe nilikosea mara nyingi mpaka Peninah akaficha kalamu. Akairudisha. Ikatoka 1,022,121, imeipita ya mzee. Nikatoa. Imezidi kwa nne.

Nne, Awor! Mbili mara mbili!

Kisha nikafanya kama nilivyokuonyesha kwenye vumbi: 1011 toa mbili, 1011 ongeza mbili. 1009 na 1013. Nikazidisha moja kwa nyingine ili nihakikishe. Inatoka 1022117, hakuna kilichozidi wala kupungua. Namba ya mzee inavunjika. Haivunjiki vipande vipande kama nyingine, inavunjika mara moja tu, zinatoka mbili zinazokaa karibu karibu, nazo zote mbili ni ngumu. Na unajua namba ngumu inayofuata baada ya 997 ni ipi? Ni hiyo hiyo 1009. Karatasi ya mzee iliishia mlangoni kabisa. Angekuwa na karatasi yenye mstari mmoja zaidi, mmoja wetu angekula firigisi siku ile. Tulidhani kazi imekwisha kwa sababu karatasi imekwisha.

Nilicheka, na mdomo wangu siku hizi ukicheka unakwenda upande mmoja, nikacheka hivyo hivyo. Nilitamani aingie mlangoni avue kiatu kimoja nimwambie. Nina hakika hangekasirika. Angeomba nirudie tangu mwanzo.

Baadaye nikaanza kufikiri, na nilipofikiri nikaona kitu. Njia ya juu ni ndefu sana kwa namba nyingi, inaweza kukuzungusha mwezi mzima. Kwa hii inafika kwa hatua moja. Mtu hachagui njia hiyo kwa bahati. Ulikuwa unajua jibu. Carol alitoa simu mfukoni, si ndiyo? Ukalijua jibu, ukalikalia, ukanitafutia njia ambayo mgonjwa anaweza kuipita peke yake. Sijui nikushukuruje kwa hilo, kwa hiyo nakushukuru tu.

Lakini nina neno moja zito, na nimeliweka mwisho kwa sababu ni gumu. Mei nilikuandikia kwamba tatu inaingia. Jumlisha tarakimu: moja, mbili, mbili, moja, moja, saba. Kumi na nne. Tatu haiingii, na wewe uliliona hilo kabla hujamaliza kusoma mstari. Ni silaha yako ya utotoni, umeniandikia mwenyewe. Na ukanijibu, "Ya namba nimeyapata." Wewe, uliyekuwa ukinisahihisha mbele ya wageni, mbele ya padri, mbele ya mchumba wangu, ulinyamaza. Mimi sikujua kwamba nimekosea. Peninah aliponisomea barua yako nikasema, huyu hajabisha, kwa nini? Nikarudia hesabu siku nzima mpaka nikaliona kosa. Ndipo nilipojua kwamba mimi ni mgonjwa. Daktari alikuwa ameniambia, nilikuwa sijamwamini. Nilikuamini wewe uliponyamaza.

Ndiyo maana nilikataa tena Agosti. Mara ya kwanza ilikuwa aibu ya mdomo na mkono, mara hii haikuwa hiyo. Niliwaona akilini watu wote uwanjani wakinyamaza hivyo, kwa huruma, nikikosea jina la shangazi au mwaka wa mzee. Nikasema bado afadhali Obbo amwage zege.

Mwambie Opolot aiandike namba hiyo, 1022117, na chini yake asiandike neno lolote la kwamba haigawanyiki. Mzee aliipenda, na inatosha. Anayetaka kuivunja aje avunje.

Nitakuja, Awor. Peninah ananileta Ijumaa kabla ya siku yenyewe, ili unione kwanza wewe peke yako. Nitamwaga karai kwa mkono wa kushoto, mtu anishikie upande wa pili. Nitaongea na watu, na nitakosea. Nikikosea, nisahihishe kwa sauti, mbele ya kila mtu.

Kaka yako,
Samuel